Bundi ametukosea nini? Na kuna kitabu cha Kiswahili kinachoeleza ndege na imani zetu?

#1 MwanaWaMuheza (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita kijijini kwetu wameuawa bundi watatu, mama na makinda mawili. Walikuwa wanaishi juu ya ghala la mahindi, kwenye kona ambapo kenchi inakutana na ukuta. Jirani yetu alikuwa mgonjwa muda mrefu. Bundi alilia usiku mbili mfululizo, siku ya tatu mzee akafariki, na jioni baada ya mazishi vijana wakapanda na fimbo.

Mimi nilifika kesho yake. Yule mkubwa alikuwa bado kwenye jalala. Nikamgeuza. Uso mweupe wenye umbo la kopa la karata, mgongo rangi ya mchanga wenye vitone vidogo kama mtu amenyunyiza pilipili manga. Nikavuta unyoya mmoja wa bawa, ukingo wake una nyuzi nyuzi laini kama pindo la kanga lililofumuka. Ndiyo maana akiruka husikii kitu, ule upindo unaua mlio wa hewa. Nimekaa na unyoya huo mezani mpaka leo.

Kuna kitabu kikubwa kinaitwa Birds and People, cha Mark Cocker, picha za David Tipling, kilitoka 2013. Walichangia watu zaidi ya 600 kutoka nchi zaidi ya 80, kila mmoja akieleza ndege wa kwao na maana yake kwa watu. Nilikisoma maktaba siku tatu, na nilipomaliza nikajiuliza: sisi wa Kiswahili cha kwetu kiko wapi?

Hoja yangu, na mnisahihishe: naamini hofu ya bundi tuliletewa. Biblia inamtaja kati ya ndege najisi, Walawi 11, na kwenye Zaburi 102 yuko mahameni. Waarabu nao wana yao. Mababu zetu hawakuwa na shida naye.

#2 Kipepeo_Mweusi

Poleni na msiba mkuu. Ila bundi ni bundi. Kwetu akitua juu ya bati hatungoji vitabu.

#3 ShangaziKilifi

Pole mwanangu. Marehemu babu yangu alikuwa mganga wa mitishamba, tena mtu wa akili sana, na alitueleza hivi. Zamani nyumba zote zinazima taa mapema, mafuta ya koroboi ni ghali. Nyumba gani inawasha taa mpaka alfajiri? Yenye mgonjwa mahututi. Taa inavuta wadudu, msimu wa kumbikumbi ndiyo usiseme, wadudu wanavuta mijusi, na bundi anafuata chakula chake. Mgonjwa akifa, watu wanakumbuka bundi, hawakumbuki taa. Babu alisema bundi hakuleta kifo, alikuja kula.

#4 Muhibu_wa_Shangani

Assalaam aleikum. Mleta uzi, hapo kwenye Waarabu umechanganya, niruhusu nipanyoshe.

Kabla ya Uislamu Waarabu walikuwa na imani ya "hama": mtu akiuawa na kisasi hakijalipwa, roho yake inatoka kichwani kama bundi, inakaa juu ya kaburi ikilia ipewe kinywaji mpaka damu ilipwe. Walikuwa pia na "tiyara", neno linalotokana na tayr, ndege. Mtu akitaka kusafiri anamkurupusha ndege. Akirukia kulia anaondoka, akirukia kushoto anarudi ndani. Sasa Mtume (s.a.w.) alikataza yote mawili, hadithi iko kwa Bukhari na Muslim: hakuna tiyara wala hama. Kwa hiyo dini ilikuja kuiondoa imani hiyo. Anayeua bundi kwa kisingizio cha dini hajasoma.

Na kwenye Qur'an ndege wana heshima zao. Kunguru ndiye aliyemwonyesha mwana wa Adam namna ya kumsitiri ndugu yake ardhini. Hudihudi alimletea Nabii Suleiman habari za malkia wa Sabaa. Ababili, ndege waliorusha mawe juu ya jeshi la tembo, hao hata watoto wa chuo wanawajua.

#5 Mkulima_wa_Othaya

Wasee, hoja ya #1 haisimami. Mimi ni Mkikuyu, bundi kwetu ni ndundu. Cucu (bibi) wangu alizaliwa kabla misheni haijafika kijijini kwao, hakuwahi kusoma Biblia wala kuona Mwarabu, na ndundu akilia karibu na boma alikuwa anatoka na kijinga cha moto kumtupia. Wajaluo wanamwita tula, waulize mambo yake. Hiyo hofu ilikuwa bara kabla ya yeyote kuja.

Pia angalia jina: ndundu, tula, bundi. Watu wamemwita kwa sauti yake. Ndege anayeitwa kwa sauti maana yake watu walimsikia zaidi ya walivyomwona. Hapo ndipo pa kuanzia, kwa maoni yangu. Kitu unachokisikia gizani na hukioni, moyo unakijaza wenyewe.

#6 MwanaWaMuheza

#5 asante, umenibomolea nyumba yangu lakini kwa haki. Nimeondoa dai la "tuliletewa". #3, maelezo ya babu yako nimeyaandika kwenye daftari.

#7 Fundi_Saa

Lakini neno bundi si ni Kiarabu "bum"? Nina ndugu yuko Maskati, anasema kule ukimwita mtu "buma" umemtukana.

#8 Muhibu_wa_Shangani

#7 Kweli bum ni bundi kwa Kiarabu na ni tusi. Lakini kufanana tu hakutoshi. Tazama ndundu ya #5, nayo ina mlio uleule na haijapita Maskati. Sauti ya ndege ni moja, kila mtu anaiga kwa ulimi wake.

#9 MwalimuMstaafu

Vijana, mnazungumza vizuri lakini mmepita juu ya neno lenyewe lililo kwenye kichwa cha uzi. Ndege.

Kwa Kiswahili cha zamani "ndege" si mnyama tu, ni fali pia, yaani ishara ya heri au shari. Fungueni kamusi ya Johnson ya 1939, ile kubwa ya Kiswahili kwa Kiingereza. Mtu akitoka nyumbani asubuhi akakutana na jambo jema husema "nimepata ndege njema", likiwa baya, "ndege mbaya". Na tazameni sarufi. Ndege mwenye mabawa tunasema ndege mwema, ndege huyu, kwa kuwa ana uhai. Lakini fali ni ndege njema, ndege hii. Neno moja, ngeli mbili. Wenye lugha walishatenganisha kiumbe na bahati anayosemekana kuileta, na upatanisho wa kisarufi ndio mpaka.

Warumi nao walifanya jambo la jirani. Kilatini ndege ni avis, na auspicium ni kutazama ndege ili kujua kama miungu imeridhia vita au safari. Walikuwa na makuhani kamili kwa kazi hiyo. Wala hawakujifunza kwetu, wala sisi hatukujifunza kwao.

#10 Kipepeo_Mweusi

Shikamoo mwalimu. Na ile ndege ya Dar–Mwanza iwe ngeli gani? 😀

#11 MwalimuMstaafu

Marahaba. Tunasema ndege imetua, kwa hiyo ni ngeli ya ndege njema. Safari njema.

#12 Bonde_la_Wami

#9 hii ya ngeli imenisimamisha. Nimetumia Kiswahili miaka hamsini sijawahi kuiona.

#13 Mtaa_wa_Uhindini

Mmesahau bundi wa Bungeni! Januari 2019, Dodoma, bundi alionekana ndani ya ukumbi wa Bunge mchana kweupe, wabunge wakaanza kunong'ona. Spika wa wakati huo, Job Ndugai, akawatuliza, akasema kwa watu wa Dodoma bundi anayeonekana mchana hana neno. Habari ilifika mpaka vyombo vya nje.

#14 Mkulima_wa_Othaya

#13 Hiyo niliisoma nikiwa Nairobi. Lakini ona jambo muhimu hapo: imani ina masharti. Mchana hana neno, usiku ana neno. Akilia ni tofauti na akitua tu. Akiwa mbali ni tofauti na akiwa juu ya nyumba. Watu wa nje wakiandika huweka sentensi moja, "Waafrika wanaogopa bundi," wamemaliza. Kitabu cha kwetu kingeandika masharti.

#15 Binti_wa_Mbulu

Nimesoma kimya tangu jana. Naomba nitoke kwa bundi kidogo kwa sababu kuna ndege mwingine ambaye uhusiano wake na watu unanishangaza zaidi: ndege wa asali.

Nimefanya kazi upande wa Ziwa Eyasi, kwa Wahadzabe. Mtu anapiga mluzi, ndege anajibu, anaruka mti hadi mti akikuita mpaka kwenye mzinga wa porini. Ninyi mnaingiza moshi, mnapasua mti, mnachukua asali, yeye anakula nta na majana (makinda ya nyuki). Si hadithi. Padri Mreno João dos Santos aliandika mwaka 1588 akiwa Sofala, alimwona ndege huyo akiingia kanisani kula mishumaa ya nta. Kwa upande wa Kenya, Hussein Isack wa Makumbusho ya Taifa na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer walichapisha mwaka 1989 utafiti wao kwa Waborana: bila ndege mtu alihitaji karibu saa 9 kupata mzinga, akiwa na ndege saa 3 na kidogo.

Sasa imani. Wengi wanasema usipomwachia fungu lake, siku ya pili atakupeleka kwa chatu au simba. Mimi naiamini kama sheria ya haki: mfanyakazi alipwe.

#16 Nahodha_Mkavu

#15 Nilisoma kwamba ni Wayao wa Tunduru ndio wanamwita kwa sauti maalumu na ndege anaielewa?

#17 Binti_wa_Mbulu

#16 Ni Wayao, ila wa Niassa upande wa Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma. Utafiti wa Claire Spottiswoode na wenzake, 2016. Wanatoa mlio wa kutetemesha ulimi halafu mguno mfupi, "brrr-hm". Ukiutumia, uwezekano wa kupata mzinga unapanda kutoka 17 hadi 54 kwa mia ukilinganisha na sauti nyingine. Mwaka 2023 yeye na mtafiti mwenzake Brian Wood wakalinganisha: ndege wa Eyasi anaitikia zaidi mluzi wa Wahadzabe, wa Niassa anaitikia zaidi brrr-hm. Yaani ndege amejifunza lugha ya watu wa kwake.

#18 Mchunga_Nyuki_Sikonge

Dada #15, nakusalimu kwa heshima, lakini hapo kwenye fungu umepaka asali. Huyohuyo Brian Wood aliandika 2014 kwamba Wahadzabe mara nyingi wanachoma au kufukia masega yaliyobaki, kusudi ndege abaki na njaa aendelee kuongoza. Na hawapelekwi kwa simba. Kwetu Sikonge wazee wengine wanaacha, wengine hawaachi. Mimi naacha, kwa kuwa baba aliacha.

Ila anakupeleka kwa nyoka, hilo limenitokea. 2011, nimemfuata karibu nusu saa, tundu la mti liko usawa wa kifua, nikainama kuchungulia nikakuta koboko amejikunja, kichwa kimeelekea kwangu. Nilirudi nyuma hatua kwa hatua. Wengine waliniambia ndege alinipeleka kwa makosa, kwamba shimo la mti ni shimo tu kwake. Wengine kwamba nyoka naye alifuata makinda ya ndege wengine humo. Mama akasema mwaka uliopita nilichukua kila kitu sikumwachia hata sega. Na ni kweli, mwaka uliopita sikuacha.

#19 Binti_wa_Mbulu

#18 Sahihisho la fungu nimelipokea, umesema kweli. Kuhusu koboko, mimi nakaa upande wa mama yako.

#20 Mtoto_wa_Masaka

Nawasalimu kutoka Uganda. Kwetu Buganda korongo mwenye taji, ng'aali, ni muziro (mwiko) wa ukoo. Mtu wa ukoo huo hamli, hamuui. Yuko kwenye bendera ya taifa. Na pamoja na hayo yote, tangu 2012 amewekwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka duniani, kwa sababu vinamasi vinageuzwa mashamba. Nasema hivi kwa mleta uzi: usidhani ndege akipendwa atapona. Bundi anauawa kwa fimbo, ng'aali anakufa kwa jembe.

#21 Bonde_la_Wami

#20 hiyo inauma.

Nami niongeze ya kwetu. Kwale wa Udzungwa, wanasayansi walimgundua 1991. Walimgunduaje? Walikuwa kambini, wakaona miguu ya ndege wasiyemjua kwenye sufuria ya mchuzi. Wenyeji walikuwa wanamla siku zote! Sasa wazee wale walikuwa wanajua mangapi juu yake ambayo hayakuandikwa?

#22 Tichа_Sayansi_Kata

Nafundisha sekondari ya kata. Niko na #1 moyoni. Mwaka juzi bundi walikaa kwenye dari la darasa la kidato cha pili, wazazi wakataka wafukuzwe. Mimi nikaokota vile vitonge anavyotema, vyeusi, vikavu, ukubwa wa kidole gumba, nikawapa wanafunzi sindano na karatasi nyeupe. Tukavichambua. Kitonge kimoja kilikuwa na mafuvu matatu ya panya, meno yale ya mbele ya rangi ya chungwa bado yamo, na mbavu nyembamba kama sindano. Binti mmoja akahesabu vitonge vyote sakafuni, akazidisha, akaniambia, "Mwalimu, hawa wamekula panya wengi kuliko paka wote wa kijiji." Mama yake ndiye aliyekuwa wa kwanza kudai wafukuzwe.

Na hapa nimsahihishe kidogo shangazi #3, kwa unyenyekevu. Bundi mwenye uso wa kopa chakula chake kikuu ni panya, wadudu ni vya bundi wadogo zaidi. Kwa hiyo huenda si taa. Nyumba yenye mgonjwa ina wageni, ina vyakula vya kukesha, makombo yanabaki, panya wanaongezeka.

#23 ShangaziKilifi

Mwalimu wangu, panya nao wanakuja kwenye koroboi? Babu alizungumzia bundi wa pwani, yuko hata yule mdogo wa msitu wa Arabuko-Sokoke, kimo chake shibiri moja. Sijaondoa maelezo yangu.

#24 Fundi_Saa

Na jina "babewatoto"? Bibi yangu Pangani alimwita bundi hivyo. Ni baba wa watoto au ni nini?

#25 Muhibu_wa_Shangani

#24 Nasi tulisikia. Tuliambiwa mtoto akilia usiku, babewatoto atamjibu. Lilikuwa la kutunyamazisha.

#26 Kipepeo_Mweusi

Mama mkwe wangu anasema kinyume: anaitwa hivyo kwa kuwa analea watoto wake kwa uchungu, hawaachi. Sasa mchague.

#27 MwalimuMstaafu

Kurudi kwenye swali la vitabu, maana limezama. Mbali na cha Cocker, kipo Ethno-ornithology kilichohaririwa na Sonia Tidemann na Andrew Gosler, 2010, kina sura ya Kenya. Kwa kutambua ndege wenyewe, Stevenson na Fanshawe, Birds of East Africa, 2002, ndicho waongoza watalii wengi wanatembea nacho. Kwa Kiarabu, al-Damiri wa karne ya 14 aliandika kamusi nzima ya wanyama, kila mmoja na sifa zake, hukumu ya kumla, methali na ndoto zake. Kwa Kiajemi, Attar alitunga utenzi wa ndege wanaosafiri kumtafuta mfalme wao, na kiongozi wao ni huyohuyo hudihudi wa #4. Ni mpangilio wa al-Damiri ninaotamani kwa Kiswahili: ndege, majina yake kila kabila, mlio, imani na masharti yake, methali, na aliyesema ni nani na wapi.

#28 Nahodha_Mkavu

Kwa mpangilio huo mimi naweka dudumizi. Kwetu akilia mfululizo jioni, mvua iko njiani. Bibi aliamini dudumizi anaiita. Mjomba anasema unyevu hewani unaamsha wadudu anaowala, ndio maana anachangamka. Mimi nimehesabu msimu mmoja, mara nyingine alilia na jua likawaka wiki nzima.

#29 Mtoto_wa_Masaka

#28 Na huo msimu uliohesabu ulikuwa wa masika au vuli? Maana kwetu wanasema masika tu ndiyo umsikilize.

#30 Mkulima_wa_Othaya

Mnaona? Masharti.

#31 MwanaWaMuheza

Wakuu nimerudi. Samahani kwa ukimya, tulikuwa kwenye hitma.

Daftari limefika kurasa 40. Nimeweka taa ya #3, panya wa #22, hama ya #4 na kijinga cha moto cha #5, kila moja ukurasa wake, sijachagua.

Halafu kuna jambo. Usiku wa kuamkia jana, kama saa nane, nilisikia mkwaruzo ule mrefu juu ya ghala. Nikatoka bila tochi. Amekaa kwenye boriti palepale pa kona, mmoja tu. Nadhani ni dume, siku ile hakuwepo. Alikuwa na panya mdomoni, hakumla, akawa anageuza kichwa kuelekea pale kiota kilipokuwa. Nilisimama mpaka miguu ikapata ganzi.

Asubuhi nikamweleza mjomba, ndiye mwenye ghala. Nikamwonyesha unyoya, akaupitisha kidoleni taratibu, akauliza kwa nini una nyuzi. Nikamweleza. Akanyamaza, kisha akasema vijana wasipande tena mpaka arobaini ya marehemu ipite, ndipo tukae tuongee habari ya ghala.

#32 Tichа_Sayansi_Kata

Mwambie mjomba asizibe kona. Na vitonge usivitupe, nitumie picha.

#33 ShangaziKilifi

Usiku ukitoka tena, mwanangu, toka na koroboi, utazame kama kuna wadudu.